Jikaze, Usiwaze, Litazame Upya: Fikra, Hisia na Ustawi wa Nafsi

Mtu aliyefiwa, aliyefeli mtihani au aliyeachishwa kazi hupokea nasaha za aina tatu, mara nyingi katika siku moja na kutoka kwa watu wale wale. Ya kwanza humwambia ajikaze. Ya pili humwambia asiwaze sana. Ya tatu humtaka alione jambo lake kwa jicho jingine: pengine Mungu amemwepusha na kubwa zaidi, pengine kazi ile ilikuwa inamla afya, pengine mtihani huo si mlango wa mwisho. Zote tatu hutolewa kwa sauti ile ile ya upole, na anayezitoa huamini kwamba anasema jambo moja kwa maneno tofauti. Hata hivyo, utafiti wa saikolojia wa takriban miaka sitini unaonyesha kuwa hayo ni matendo matatu mbalimbali, ambayo hufanyika katika hatua tofauti za mwendo wa hisia na kuacha athari tofauti katika mwili, kumbukumbu na mahusiano ya mtu. Makala haya yanahusu hasa nasaha ya tatu, ambayo ndiyo iliyopata sifa njema kuliko wenzake, pamoja na sababu zinazofanya hata hiyo isifae kila mahali.

Mwaka 1964 mwanasaikolojia Richard Lazarus wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo bado linafaa kusimuliwa. Waliwaonyesha watu filamu isiyo na sauti kuhusu ibada ya jando la Waaborijini wa Australia, yenye picha za ukataji ambazo mtazamaji asiyezizoea hawezi kuzivumilia kwa urahisi. Kisha wakaiwekea filamu hiyo hiyo maelezo ya aina mbalimbali. Kundi moja lilisikia msimulizi akisisitiza maumivu na hatari. Kundi jingine liliambiwa kwamba vijana wale walikuwa na furaha na hapakuwa na madhara ya kuogopesha. Jingine lilisikia maelezo makavu ya kitaalamu, kama ya mtafiti wa mila anayeandika daftari lake. Watafiti walipima mapigo ya moyo pamoja na uwezo wa ngozi kupitisha umeme, ambao hupanda mtu anapotokwa na jasho la hofu. Picha zilikuwa zile zile, lakini miili haikuitikia kwa namna moja: maelezo ya maumivu yaliongeza mshtuko, ilhali maelezo ya kutuliza na yale ya kitaalamu yaliupunguza.

Kutokana na kazi ya aina hiyo, Lazarus alijenga hoja kwamba baina ya tukio na hisia kuna tathmini. Mtu hujiuliza, mara nyingi bila kujijua, kama jambo lile linamhusu, linamtishia nini, na kama ana uwezo wa kulikabili. Rafiki asipojibu ujumbe wa simu, anayehukumu kuwa amedharauliwa hukasirika, anayehukumu kuwa rafiki yake yumo matatani huingiwa na hofu, na anayekumbuka kwamba mwenzake yuko zamu ya usiku hapatwi na lolote. Wazo hili si la karne ya ishirini. Epictetus, aliyezaliwa mtumwa katika dola ya Warumi na baadaye akawa mwalimu wa falsafa, alifundisha kwamba watu hawasumbuliwi na mambo yenyewe bali na hukumu zao juu ya mambo hayo. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya afya ya mwili na ya nafsi kwa pamoja. Alishauri mtu ajiwekee fikra za kumfaa wakati ametulia ili azikute tayari hasira au hofu itakapomshukia, kama anayeweka dawa nyumbani kabla ya ugonjwa. Kilichoongezwa na watafiti wa karne iliyopita ni vipimo, na vipimo hivyo vimetibua baadhi ya mambo tuliyodhani tunayajua.

Mpangilio unaotumiwa zaidi leo ni wa James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyeutoa mwaka 1998. Kwa maoni yake, hisia ina mwendo, na mtu anaweza kuuingilia katika hatua tano. Tumchukue binti anayealikwa kwenye shughuli ya ukoo akijua kwamba atakuwepo shangazi asiyechoka kumuuliza mbele za watu kwa nini hajaolewa. Anaweza kutokwenda kabisa. Anaweza kwenda lakini akapanga kukaa jikoni na binamu zake, mbali na jamvi la wakubwa. Shangazi akianza, anaweza kuyahamishia mawazo yake kwa watoto wanaocheza uani. Anaweza pia kuyasikia maneno yale na kuyapa maana nyingine, kwamba mama huyu aliolewa akiwa mdogo, hajui kipimo kingine cha maisha mema, na hii ndiyo njia yake ya kuonyesha kwamba anamjali. Yote hayo yakishindikana, na hasira ikiwa imekwisha kupanda, hubaki hatua ya mwisho: kubana taya, kutabasamu na kusema "Inshallah, shangazi." Hatua ya nne ndiyo wataalamu huita kutathmini upya. Ya tano, yaani kuificha hisia iliyokwisha kuzaliwa, ndiyo tunayoiita kujikaza.

Katika jaribio alilolichapisha mwaka huo huo, Gross aliwaonyesha washiriki 120 filamu ya mtu anayekatwa mkono hospitalini. Baadhi walitakiwa kuitazama kwa jicho la kitabibu lisiloambatana na hisia, baadhi walitakiwa kujizuia ili mtu anayewaangalia asitambue wanachokihisi, na waliosalia walitazama tu. Waliojizuia walifaulu kwa nje, kwa kuwa nyuso zao zilionyesha machache. Lakini kinyaa walichokisema kuwa wanakihisi hakikupungua, na miili yao ilionyesha dalili zaidi za kuhamanika kuliko ya wale walioachwa watazame tu. Waliobadili namna ya kutazama walihisi kinyaa kidogo na kukionyesha kidogo, wala miili yao haikulipa gharama hiyo ya ziada.

Tofauti hii inaeleweka ukizingatia wakati. Anayetathmini upya hulikamata jambo kabla hisia haijashika kasi, na akishalipa maana nyingine hana kazi kubwa iliyobaki. Anayejikaza huanza kazi wakati hisia imekwisha kuwasha mwili wote, naye hulazimika kuilinda sura yake dakika baada ya dakika, huku sehemu ya akili yake ikishughulika na ulinzi huo badala ya kufuatilia yanayotendeka. Ndiyo maana katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2000 watu walioficha hisia zao walikumbuka kwa uchache zaidi mambo waliyoyasikia na kuyaona wakati huo. Gharama hiyo humfikia hata mwenzake. Katika utafiti wa mwaka 2003, wanawake wasiofahamiana walitazama wawili wawili filamu kuhusu mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, kisha wakazungumza. Pale ambapo mmoja alikuwa ameagizwa kwa siri afiche hisia zake, shinikizo la damu la mwenzake, ambaye hakujua lolote kuhusu agizo hilo, lilipanda, na hamu ya kuendeleza urafiki ikapungua.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kusita. Wengi wa washiriki wa majaribio haya walikuwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani, nchi ambayo kumficha mwenzako unachohisi kunaweza kuonekana kama kutokuwa mkweli. Sisi tumelelewa kwamba kuna staha, kuna sitara, na kuna mambo ambayo mtu mzima hayaoneshi mbele ya wakwe wala mbele ya watoto. Watafiti wenyewe walilichunguza jambo hili: mwaka 2007 Emily Butler, Tiane Lee na Gross walionyesha kwamba madhara ya kijamii ya kuficha hisia yalikuwa madogo zaidi kwa wanawake walioshikilia maadili ya Kiasia. Nami naona hoja hiyo inatugusa. Anayenyamaza kwa heshima, akijua kwamba jioni atamweleza dada yake kila kitu, si sawa na anayenyamaza kwa sababu hana hata mtu mmoja wa kumwambia. Huyu wa pili ndiye aliyekusudiwa na wahenga waliposema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua.

Nasaha ya pili, ile ya kutowaza, haihitaji maelezo marefu. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na kila atakapowajia akilini wapige kengele. Kengele zilipigwa. La kuzingatia zaidi ni kwamba baadaye, waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria kwa wingi kuliko wale ambao hawakuwa wamekatazwa hapo awali. Akili inayokatazwa wazo hulazimika kulichungulia mara kwa mara ili kuhakikisha kwamba halipo, na kuchungulia huko ndiko kunakolirudisha.

Hata hivyo, anayesema "usiwaze sana" hakosei kuhusu hatari, ingawa hakosi kukosea kuhusu dawa. Susan Nolen-Hoeksema alitumia miaka mingi kuchunguza tabia ya kurudia rudia huzuni mawazoni, mtu akijiuliza kwa nini anajisikia hivi, kwa nini ni yeye tu, ana kasoro gani, pasipo kufika popote. Bahati mbaya ya wengine ilimpa nafasi adimu ya utafiti. Siku 14 kabla ya tetemeko la ardhi la Loma Prieta, lililoipiga California tarehe 17 Oktoba 1989, yeye na mwenzake walikuwa wamewapima wanafunzi wa Stanford hali yao ya moyo na namna wanavyoikabili huzuni. Waliwapima tena siku 10 na wiki 7 baada ya tetemeko. Wale waliokuwa na tabia ya kuzungusha mawazo kabla ya tetemeko ndio waliokuwa na dalili zaidi za sonona baada yake, hata pale hali yao ya awali ilipozingatiwa. Ugumu wa tabia hii ni kwamba kwa aliyemo ndani yake inafanana na kutafuta suluhisho. Njia rahisi ya kuzitofautisha ni kuangalia matokeo: anayetafuta suluhisho huinuka na hatua ya kuchukua kesho asubuhi, ilhali anayezungusha mawazo huinuka na swali lile lile alilokaa nalo.

Mwaka 2010 Amelia Aldao, Nolen-Hoeksema na Susanne Schweizer walikusanya matokeo ya tafiti 114 kuhusu njia za kusimamia hisia na magonjwa ya akili. Tabia iliyoambatana zaidi na sonona, wasiwasi na matatizo mengine ilikuwa hiyo ya kuzungusha mawazo. Kutathmini upya kuliambatana na afya njema, lakini uhusiano huo ulikuwa kati ya mdogo na wa wastani. Matokeo haya hayatajwi sana na wahamasishaji wanaojaza kumbi kwa ahadi kwamba ukibadili fikra utabadili maisha. Katika afya ya nafsi, kuacha kuitafuna huzuni kunaelekea kuwa na uzito zaidi kuliko ufundi wa kuipamba.

Sifa njema za kutathmini upya zina msingi, lakini. Gross na Oliver John walipochapisha mwaka 2003 dodoso lao lenye sentensi 10, sita za kutathmini upya na nne za kujikaza, waliona kwamba wenye mazoea ya kutathmini upya huwa na furaha zaidi, huzuni chache na mahusiano ya karibu zaidi, na huridhika zaidi na maisha yao. Uhusiano huo haukuishia kwenye furaha. Carol Ryff alipendekeza mwaka 1989 kwamba ustawi wa nafsi upimwe kwa mambo sita: kujikubali, mahusiano mema, uhuru wa kujiamulia, kuyamudu mazingira, kuwa na lengo na kukua kiutu. Katika hayo pia wenye kutathmini upya walikuwa na alama za juu, na wenye kujikaza za chini. Kwa hakika, dodoso halisemi ni lipi chanzo na lipi matokeo. Inawezekana kabisa kwamba mtu aliyeshiba, mwenye ndugu wanaompenda, ndiye anayepata nafasi ya kuyapa mambo maana ya upole.

Swali hilo la nafasi ndilo linalotufikisha kwenye kiini cha mada. Mwaka 2013 Allison Troy, Amanda Shallcross na Iris Mauss walichapisha utafiti juu ya watu waliokuwa wamepatwa na matukio mazito ya maisha katika kipindi cha karibuni. Hawakuwauliza tu kama wana mazoea ya kutathmini upya. Waliupima uwezo huo kwa kuwaonyesha filamu za huzuni na kuwataka wazitazame kwa namna itakayowapunguzia huzuni. Kisha wakaangalia kama shida za kila mshiriki zilikuwa zile zilizo nje ya uwezo wake au zile anazoweza kuziathiri. Kwa wenye shida zisizozuilika, kadiri mtu alivyokuwa hodari wa kutathmini upya ndivyo dalili zake za sonona zilivyopungua. Kwa wenye shida zinazoweza kuathiriwa, mambo yaligeuka: waliokuwa hodari zaidi ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi.

Sababu haiko mbali. Hasira, hofu na huzuni vina kazi yake, ambayo ni kumsukuma mtu atende. Mfanyakazi asiyelipwa mshahara kwa miezi mitatu anaweza kujiambia kwamba angalau ana kazi, kwamba wapo wasio nayo kabisa, kwamba haya ni mafunzo ya uvumilivu. Akifaulu kweli kujituliza, hasira ambayo ingempeleka kwa chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi inazimika, na mwezi wa nne unamkuta palepale. Mgonjwa aliyekatwa mguu, mzazi aliyezika mtoto, mkulima ambaye mvua imemkataa, hao hawana ofisi ya kwenda kudai. Kwao maana mpya si kujidanganya. Ndiyo kazi pekee iliyobaki kufanywa. Nasaha za subira zilizojaa katika lugha yetu zimebeba hekima ya kweli kwa shida za aina hii. Zinapotolewa kwa mke anayepigwa, au na mwajiri kwa mtu anayemdai, zinakuwa chombo cha anayetaka hali isibadilike, na inafaa kila mara kuuliza anayetushauri tulione jambo kwa jicho jingine atanufaika na nini tukikubali.

Kuna kipimo cha pili, nacho ni ukali wa hisia. Gal Sheppes wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba watu wakipewa uhuru wa kuchagua, hutathmini upya pale hisia zilipo za kadiri, lakini zikiwa kali huchagua kuyaelekeza mawazo kwingine. Kutafuta maana kunahitaji akili iliyo na nafasi, na usiku wa kwanza wa msiba nafasi hiyo haipo. Mila zetu zimelijua hili bila maabara: watu hulala msibani, wanawake hupika na kuzungumza, wanaume hucheza bao au karata nje na kubishana juu ya mpira, na mfiwa huachwa asikilize ya dunia. Anayemwendea usiku huo na hotuba ya makusudi ya Mwenyezi Mungu huenda anasema kweli, lakini amewahi mno.

Je, ufundi huu unaweza kufundishwa katika mazingira yetu? Jibu bora nililonalo limetoka Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, ambako watafiti wakiongozwa na Shannon Dorsey waliwashirikisha watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Tiba ya fikra na tabia iliyolenga kiwewe ilitolewa kwa vikundi, katika vikao 12 vya kila wiki, na washauri wa kawaida wasio na taaluma ya afya ya akili, na walezi walishirikishwa. Tiba ya namna hii humfundisha mtoto kuona jinsi wazo, hisia na tendo vinavyovutana, na kuyachunguza mawazo yanayomuumiza, kama lile la mtoto anayeamini kwamba mama amekufa kwa sababu yeye hakuwa na adabu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Vikao vilipokwisha, dalili za kiwewe zilikuwa zimepungua zaidi kuliko kwa watoto waliopata huduma za kawaida katika maeneo matatu kati ya manne: mjini na vijijini Bungoma, na mjini Moshi. Mwaka mmoja baadaye tofauti hiyo ilikuwa bado ipo Kenya, lakini Tanzania haikuonekana tena. Tiba ile ile, kwa watoto wa rika moja, haikuacha alama ile ile pande mbili za mpaka.

Mpango mwingine, uliotungwa na Shirika la Afya Duniani na kujaribiwa Nairobi, una somo la namna yake. Wanawake 421, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipata vikao vitano vya ana kwa ana na wahudumu wa afya wa jamii waliopewa mafunzo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba dhiki zao za kisaikolojia zilipungua zaidi kuliko za waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Mpango huu hauna ndani yake zoezi la kubadili fikra. Watunzi wake waliliacha kwa makusudi, kwa kuwa ni gumu kwa mhudumu asiye mtaalamu kulijifunza na kulifundisha. Badala yake kuna kupumua taratibu ili mwili utulie, kurejea katika shughuli zilizoachwa, kuimarisha uhusiano na watu wa karibu, na kutatua matatizo. Katika kutatua matatizo, mwanamke huorodhesha pamoja na mhudumu yote yanayomlemea, kisha wanatenganisha yale ambayo anaweza kuyaathiri, hata kwa kiasi kidogo, na yale ambayo hawezi. Wanachagua moja la aina ya kwanza, na si lazima liwe kubwa kuliko yote. Wanataja kila njia inayowajia bila kuihukumu, wanapima iliyo na manufaa zaidi, wanapanga nani, lini na vipi, na kikao kinachofuata kinaanza kwa kuangalia imekuwaje.